Daftari Jipya Mara Nne

Jumatano, tarehe ishirini na tano Machi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa moja kasorobo. Jua likatoka kali, kama mtu aliyechelewa kazini. Mlangoni pa zahanati palijaa tope, na kila aliyeingia aliacha alama ya kiatu sakafuni.

Mimi ni karani wa mapokezi. Nakaa nyuma ya dirisha dogo lenye nondo. Mezani kwangu kuna rejesta kubwa, muhuri, kalamu mbili na rundo la madaftari. Kila mgonjwa wetu ana daftari lake la matibabu. Daktari huandika humo ugonjwa na dawa, kisha mgonjwa hurudi nalo nyumbani. Akilipoteza, mimi humfungulia jipya.

Watu huniita Mama Daftari. Zamani nilikuwa mfagizi wa ukumbi huu huu. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, katika darasa la jioni. Siku niliyopewa kalamu na dirisha, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Na katika kazi yote, nilipenda zaidi kufungua daftari jipya. Ukurasa mweupe. Jina, umri, tarehe. Mstari umenyooka. Nilisifiwa kwa mwandiko wangu, na sifa zile zilinikaa kichwani kuliko zilivyostahili.

"Mama Daftari!" aliita mlinzi wa geti, mzee tunayemwita Kamanda. "Leo foleni imefika kwenye mnazi wa jirani."

"Na kuku nao wameingia," nilimjibu. "Ndiyo ulinzi wako huo?"

"Kuku hawa ni wagonjwa. Wape namba."

Foleni ikacheka. Hapo ndipo gari dogo jeupe la abiria lilipoingia getini.

Dereva wake tulimjua sote. Tulimwita Mjomba. Mara ngapi alileta wajawazito bila nauli? Alisalimia kila mtu, hata mfagizi. Wauguzi walimmiminia chai yake kabla hajaomba.

Siku hiyo alikuja na msichana. Alimtanguliza mbele, mkono wake ukiwa juu ya bega la mtoto.

"Shikamoo, Mama Daftari."

"Marahaba, baba."

"Nimekuletea mgonjwa. Tumbo linamsumbua. Na daftari limepotea! Watoto wa siku hizi, hata kichwa kisingefungwa na shingo wangekisahau dukani."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikachukua daftari jipya.

"Jina lako, mwanangu?"

Msichana alimtazama Mjomba kwanza. Mjomba akanitajia jina.

"Umri?"

"Kumi na nane," alisema Mjomba. "Huyu nyumbani anaitwa Kasuku kwa maneno mengi. Leo kasuku amemeza ulimi."

Midomo ya mtoto ilitikisika. Nikaandika kumi na nane. Kwenye rejesta, safu ya aliyemleta, nikaandika: mjomba. Safu ya mwisho nikaandika: mgeni, kama nilivyomwandika kila mwenye daftari jipya. Nikapiga muhuri.

Wiki mbili kabla ya hapo, tulipata muuguzi mpya. Tulimwita Sista. Alikuja na utaratibu wake: kila mtoto apimwe uzito peke yake, bila yule aliyemleta. Tulinung'unika. Kamanda aliuliza kama Sista ameficha nyama ndani ya mizani.

Mjomba naye hakupenda. Nilimsikia mlangoni kwa Sista.

"Sista, huyu ni mwoga. Bila mimi haongei."

"Hakuna shida," alisema Sista. "Atasimama tu juu ya mizani. Mizani haitaki maneno."

"Lakini mimi ndiye mlezi wake."

"Najua, kaka. Ni utaratibu wetu kwa watoto na vijana wote. Kunywa chai yako, tutakuita."

Baada ya dakika chache Sista alikuja dirishani kwangu. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Huyu mtoto amewahi kuja hapa?"

"Hapana, ni mgeni. Daftari ndilo hilo, jipya kabisa."

"Mama, chumba cha mizani kiko nyuma ya stoo. Hakina kibao. Mimi mwenyewe nilipotea siku ya kwanza. Huyu amekwenda moja kwa moja bila kuuliza. Mgeni gani anajua njia? Hebu tafuta kwenye rejesta, tafadhali."

Nikalowesha kidole, nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Sikutafuta jina. Nilitafuta neno "mjomba" katika safu ya aliyemleta.

Februari, tarehe kumi na moja. Msichana. Maumivu ya mkojo. Daftari jipya. Kaletwa na mjomba. Miaka kumi na saba.

Januari, tarehe nane. Msichana. Maumivu ya mkojo. Daftari jipya. Mjomba. Miaka kumi na sita.

Novemba, tarehe ishirini. Msichana. Tumbo. Daftari jipya. Mjomba. Miaka kumi na minne.

Majina yalipangwa tofauti kila mara. Safari moja lilitangulia la mtoto, safari nyingine la baba, nyingine la babu. Lakini ukiyaweka pamoja, yalikuwa majina yale yale matatu. Na mwandiko ulikuwa mmoja. Mwandiko wangu, umenyooka, hauna doa.

Tangu Novemba hadi Machi mtoto alikuwa ameongezeka miaka minne. Hakuna mtoto anayekua hivyo. Mungu hakuumba mtoto wa namna hiyo.

Nilibeba rejesta. Nikaipeleka chumba cha mizani.

Kasuku alikuwa amekaa kitini. Sista alikuwa amekaa kwenye kigoda kifupi, chini yake, ili mtoto asilazimike kuinua macho. Simu ilikuwa ikitikisika kwenye mfuko wa sketi ya mtoto. Ilinyamaza, ikatikisika tena. Ilikuwa simu ya bei kubwa.

Sista alisoma kurasa nilizomwonyesha. Hakupiga kelele. Alifunga rejesta taratibu, akaniashiria kwa jicho nikae pembeni.

"Mwanangu," alimwambia mtoto, "huyu mama amekuja kunionyesha kitu. Unataka atoke au abaki?"

Kasuku alinitazama kwa muda mrefu.

"Abaki," alisema. "Asikie."

"Sawa. Kwanza nikuambie jambo moja. Hujafanya kosa lolote hapa. Jambo la pili, sitakudanganya. Siwezi kukuahidi kwamba sitamwambia mtu yeyote. Nitawaambia wale tu wanaoweza kukulinda, na wewe utajua kabla yao. Ukitaka kusema, sema. Ukitaka kunyamaza, tutakaa hivi hivi."

Tulikaa. Nje mtoto mchanga alilia akanyamazishwa. Simu ikatikisika.

"Nisipojibu atakasirika," alisema Kasuku.

"Nani?"

"Mjomba."

"Ni mjomba wako wa damu?"

Alitikisa kichwa kukataa.

"Unaogopa kurudi naye?"

Machozi yalianza kumtoka. Hakuyafuta. Alisema polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

"Ananipeleka kwa watu. Kwenye nyumba. Anasema ni rafiki zake. Alininunulia simu na viatu. Nikikataa anasema nimekula vyake. Ana picha zangu. Anasema nikisema, atamwonyesha bibi."

Sista hakuuliza kina nani. Hakuuliza ilikuwaje. Hakuuliza "kwa nini ulikubali". Aliuliza swali moja tu la matibabu.

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Jana."

"Asante kwa kuniambia. Nakuamini."

Kasuku akainua kichwa. Hakumtazama Sista. Alinitazama mimi.

"Nilimwambia huyu mama."

Nikakumbuka. Mungu wangu, nikakumbuka yote. Ilikuwa Januari. Mjomba alisema daftari limepotea, na mtoto akasema dirishani pangu, kwa sauti ya kusikika: "Halijapotea. Liko kwenye gari. Amelificha." Na mimi, mwenye kalamu, nilimwambia nini? Nilimwambia: "Mtoto, wakubwa wakizungumza, watoto wanasikiliza. Shika adabu." Kisha nikapiga mstari ulionyooka kwenye daftari jipya.

Tangu siku hiyo hakuongea tena dirishani pangu.

Kati ya tarehe nane Januari na ishirini na tano Machi kuna siku ngapi? Nimezihesabu. Ni sabini na sita.

Nilitoka chumbani bila kuona njia. Sista alinifuata kwenye korido.

"Ngoja nikamtoe yule shetani!" nilisema. "Nimvue nguo mbele ya foleni yote!"

"Usithubutu, mama."

"Anakunywa chai yetu, Sista!"

"Na aendelee kunywa. Ukipiga kelele atakimbia. Akikimbia atafuta zile picha, na polisi watakosa ushahidi. Huenda ana watoto wengine tusiowajua, nao watabaki mikononi mwake. Na hasira zake atazimalizia kwa nani? Kwa huyu mtoto na bibi yake."

"Kwa hiyo tukae tu?"

"Hatukai. Kazi yetu si kukamata mtu wala kuhukumu. Kazi yetu ni kumtambua mtoto, kumtibu, kuandika na kuwaita wanaohusika. Mtoto haondoki na mtu huyu. Hilo ndilo la kwanza. Mimi namwambia daktari, kisha nampigia afisa ustawi wa jamii na polisi wa dawati la watoto. Wewe rudi dirishani, ukae kama kawaida."

"Sitaweza."

"Utaweza. Mwombe Mungu wako."

Nikarudi dirishani. Nikasali kimoyomoyo, maneno machache tu: Ee Mungu, uniazime uso.

Mjomba alisogea na kikombe chake mkononi.

"Mama Daftari, mgonjwa wangu vipi? Mbona wanamchelewesha?"

"Bado, baba. Wanampima. Vipimo vina foleni."

"Basi nampeleka hospitali nyingine."

"Utaanza foleni upya. Si ungoje kidogo?"

Nilitabasamu. Mungu anisamehe tabasamu lile.

Alitoka kwenda kwenye gari. Kamanda, aliyekuwa ameambiwa tu kwamba gari lile lisitoke, alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu.

"Mjomba, subiri! Kuku ameingia chini ya gari na vifaranga. Ukimkanyaga, jirani atanila mimi mzima mzima. Shuu! Shuu!"

Chini ya gari lile hapakuwa na kuku. Mzee yule alifukuza hewa kwa robo saa, magoti yake yakiwa kwenye tope, mpaka Mjomba akachoka, akarudi kukaa kwenye benchi. Punde wakaja mwanamke na mwanamume waliovaa kiraia. Mmoja alikaa kulia kwake, mwingine kushoto. Waliongea naye kwa sauti ndogo. Akasimama, akaondoka nao. Foleni haikujua kilichopita. Kikombe chake kilibaki na chai nusu. Nilikiosha mara mbili, kisha nikakitupa.

Ndani, daktari wetu mwenye miwani alimweleza Kasuku kila hatua kabla ya kuifanya. "Sasa nataka kukupima. Naomba ruhusa. Ukisema simama, nasimama." Sista alimshika mkono.

"Kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi na dawa za kuzuia mimba," daktari alimwambia. "Zikianza ndani ya siku tatu zinasaidia sana, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Kwa hiyo kwa jambo la jana tumewahi. Kwa ya zamani, tutapima na tutatibu."

Walimpima. Majibu mengi yalikuwa mema. Moja halikuwa jema. Sitaliandika hapa. Ni lake, wala si la msomaji, wala si la foleni.

Sista aliandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Mimi niliandika nakala ya pili.

"Usiandike 'anadai'," aliniambia. "Andika 'amesema'. Neno 'anadai' linamwita mwongo kabla hajafika popote."

Jioni afisa ustawi alimleta bibi yake Kasuku. Ni mama mzee anayefulia watu nguo. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Mama yake Kasuku alifariki zamani. Bibi huyu ndiye aliyemlea.

Walipomweleza, aliinuka kwanza kwa hasira. Akamnyanyulia mjukuu wake mkono.

"Umeniaibisha! Mtaa mzima utasema nini?"

Sista aliudaka mkono ule kwa upole.

"Bibi, hapana. Aliyefanya kosa ni mtu mzima. Huyu ni mtoto. Hata angepewa dunia nzima na simu juu yake, bado ni mtoto. Hakukubali. Alinaswa."

"Lakini alileta viatu..." alisema bibi. Sauti ikakatika. "Alileta viatu vya shule. Mimi nilimpikia yule mtu kwa mikono hii. Kila usiku nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Kila usiku! Nilisema, Mungu amenipa mwanangu mwingine."

Akakaa chini sakafuni. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Kasuku alishuka kitini, akakaa kando yake kwenye tope la viatu vya watu. Bibi akamvuta kifuani.

"Ana miaka mingapi, bibi?" aliuliza afisa.

"Kumi na mitatu. Mwezi wa nane atatimiza kumi na minne."

Wote waliokuwa chumbani waliitazama rejesta yangu.

Siku iliyofuata, kwenye kikao cha asubuhi, nilisimama nikasema makosa yangu. Nilingoja kufukuzwa. Daktari alivua miwani.

"Januari nilimtibu mimi," alisema. "Februari pia nilimtibu mimi. Ugonjwa ule ule, mtoto yule yule, na sikumtazama usoni. Nilitazama daftari jipya tu."

Sista akasema, "Mimi, kituo nilichotoka, nilimwacha mmoja aende. Alikuja na kijana mkubwa aliyejiita kaka yake. Alikuwa na majeraha, na alikuwa haangalii watu. Alikuwa mvulana. Sikufikiria kabisa kwamba mvulana naye anaweza kufanyiwa hayo. Ndiyo sababu ya ule utaratibu wa mizani."

Hakuna aliyetania mizani tena.

"Tunajuaje, Sista?" aliuliza mfagizi. "Kila mtoto anayenyamaza ameumizwa?"

"Hapana. Mwingine ana aibu tu, mwingine anaumwa jino. Dalili moja haitoshi. Lakini zikikutana, usizipite. Ugonjwa wa sehemu za siri unaorudi. Mtu anayejibu kila swali la mtoto. Umri unaobadilika. Vitu vya gharama ambavyo nyumbani hawajui vimetoka wapi. Mtoto wa maneno mengi aliyegeuka bubu ghafla. Hatuhitaji kuwa na hakika. Tukiwa na shaka ya kweli, tunaripoti."

Tangu hapo dirisha langu limebadilika. Mtu akisema daftari limepotea, natafuta rejesta kwanza kabla sijagusa jipya. Watoto wanaingia kwa Sista peke yao, na wazazi wameshazoea. Namba ya afisa ustawi na ya dawati la watoto zimebandikwa mahali ambapo hata mfagizi na Kamanda wanaziona. Kesi ya Mjomba bado iko mahakamani. Polisi walipopekua simu yake, waligundua watoto wengine wawili. Nao sasa wanatibiwa.

Mwezi mmoja baadaye, asubuhi kabla sijafungua dirisha, Kasuku alikuja na bibi yake kwa ajili ya matibabu na kuongea na mshauri. Alivaa ndala za kawaida. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Polisi wamechukua nakala, wamemaliza nayo," alisema. Akaweka mezani kwangu madaftari matatu. Yalikutwa chini ya kiti cha gari. Yalikuwa safi kabisa. Kurasa za kwanza zilikuwa na mwandiko wangu.

Nilichukua sindano na uzi. Nikayaweka yote pamoja na lile la nne, Novemba chini, Machi juu, nikayashona mgongoni yakawa daftari moja. Nilijidunga kidole mara mbili. Kasuku aliifuata sindano kwa macho. Ule ukasuku wake haujarudi, na sijui kama utarudi wote. Naomba kila siku urudi.

Nilikata kwa mstari umri uliokosewa, nikaandika pembeni: kumi na mitatu. Nikampa. Akalishika kwa mikono miwili.

"Mama Daftari," alisema, "na akija mwingine? Akikuambia?"

Nilisimama. Daktari alikuwa mlangoni, Sista alikuwa na trei ya dawa, Kamanda alikuwa na funguo zake, na bibi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Niliwaomba wote wasogee wanisikie, kwa sababu ahadi ya chinichini husahaulika.

Nikasema: "Mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote. Mtoto akifungua kinywa dirishani pangu, nitaweka kalamu chini. Mkubwa aliyemleta atanyamaza, na mimi nitamsikiliza mtoto mpaka amalize."